Nikatalie kwa Maandishi

Karakana ya viungo bandia, hospitalini
3 Februari

Shemeji,

Simu yako hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa basi. Nakuandikia nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana viti vyote vimefungiwa ndani ya karakana.

Jana alikuja mtu wa mahakama, kavaa tai, mpole kabisa, akanipa karatasi akaniomba nitie sahihi kwamba nimeipokea. Nikadhani ni mambo ya umeme. Kusoma, naona neno ZUIO kwa herufi kubwa. Kwamba kuanzia siku hiyo mimi na wenzangu wawili tusitengeneze, tusiuze, tusigawe wala tusimfunge mtu goti bandia lolote linalofanana na lile lenye hataza, yaani ubunifu uliosajiliwa kwa jina la mtu, mpaka kesi iishe. Mkuu wa hospitali kasoma mstari wa kwanza tu, katoa kufuli mfukoni. Nikamwambia, "Mzee, mle ndani kuna mikono na nyayo pia, hizo hazijazuiwa." Akasema, "Mama Pacha, mimi mahakama siijaribu." Akafunga.

Shemeji, goti hili hakuna anayelijua kuliko wewe. Wewe ndiye uliyebuni ile kufuli inayojifunga mtu akikanyaga kisigino, hataza iko kwa jina lako, na haki ya kulitengeneza ukaiuza kwa Kampuni, wao peke yao. Sawa. Lakini huu mwaka wa nne Kampuni haijatoa hata goti moja. Wanauza lile lao la kutoka nje, bei yake mtu anajenga nyumba. Ndiyo maana ulisema pale sebuleni kwetu, mdogo wako, mume wangu, akisikia, "Shemeji, wewe tengeneza tu, watu watembee." Nikatengeneza. Leo naitwa mwizi.

Kwenye karatasi jina lako limetangulia jina la Kampuni. Mume wangu akakunja uso. Nikamwambia huo ni utaratibu tu, wanasheria wanapenda kupanga majina. Najua hukuwa na habari.

Naomba mambo mawili. Waandikie hao watu wako waliondoe hilo zuio, maana nina foleni ya watu nimeshawapima na sasa nawakimbia kwenye korido. Halafu yale magoti tisa uliyoomba mwezi wa kumi na mbili tukutumie uyakague springi, yamefikia wapi? Wenyewe wamerudi kwenye magongo. Anayenimaliza ni yule Mshonaji. Cherehani yake ni ya kukanyaga, bila goti hakanyagi. Sasa mkewe anakanyaga, yeye anasukuma kitambaa, na wanagombana kila mshono.

Mapacha wanamsalimu Baba Mkubwa wao.

Mama Pacha


12 Februari

Mama Pacha, shemeji yangu wa pekee,

Barua imefika. Simu iliniangukia kwenye kopo la grisi, ndiyo maana.

Hilo zuio limenishtua sana. Lakini elewa, Kampuni ni watu wakubwa, wana wanasheria ghorofa nzima, na mimi pale ni jina tu. Mikono yangu imefungwa. Wakishaamua jambo wameamua, ukiuliza wanakuonyesha mkataba. Nitajaribu kusema nao nikipata nafasi, ila usiweke matumaini makubwa.

Kuhusu magoti, kuna tatizo la springi. Zile za zamani zimechoka, na mpya zimekwama bandarini, karatasi moja imekosekana. Halafu ikipatikana hiyo karatasi kuna nyingine. Springi zenyewe si hizi za dukani, waya wake ni maalumu, ukiweka nyingine goti linaweza kukunja mtu akiwa njiani, na hilo hatulitaki. Kwa hiyo wawe na subira. Waambie nayatunza vizuri, yako mahali pakavu.

Mimi nipo. Wamenipa cheo cha Mshauri Mkuu na kiti kinachozunguka. Mpe mdogo wangu salamu, mwambie aache kukunja uso.

Shemeji yako,
Fundi


28 Februari

Shemeji,

Pole. Nakwambia pole kabla sijasema kingine. Nimeisoma barua yako mara mbili nikamwambia mume wangu, "Kaka yako wamemteka." Akasema, "Hapana, kaka yangu anapenda kiti." Nikamgombeza. Nimekufungia mikate miwili, kaioka mwenyewe, kwa hiyo ujue hana kinyongo. Ule ulioungua pembeni ni wa mapacha, walitaka kusaidia.

Sasa sikia. Hospitali imetuletea wakili, binti mwembamba, anaongea kama ana basi la kuwahi. Alikuja nyumbani akakaa jikoni, mume wangu anakanda unga, akatueleza kitu kinaitwa leseni ya lazima. Kwamba hataza ni haki, lakini haki yenyewe imetolewa ili kitu kitengenezwe. Mwenye nacho akikikalia miaka, watu wanakihitaji na hawakipati, mtu mwingine anaweza kwenda Baraza la Hataza akaomba alazimishiwe ruhusa. Mwenye hataza analipwa fungu lake, ila hana tena uwezo wa kusema hapana. Mume wangu akauliza, "Kama mtu kaegesha gari barabarani kalala ndani?" Wakili akasema, "Ndiyo, na sisi tunaomba kulisukuma, siyo kuliiba."

Shida ni hii. Kabla ya kwenda Barazani lazima nionyeshe kwamba nilikuomba ruhusa kwa heshima na ukaninyima. Nimemwambia wakili, shemeji hawezi kunipa, mkataba wa Kampuni umemkaba. Akasema ndivyo inavyotakiwa, mradi iwe imeandikwa. Kwa hiyo shemeji, hapa nakuomba rasmi: naomba ruhusa ya kutengeneza goti lako katika karakana yetu, kwa malipo ya haki.

Na sasa nikatalie kwa maandishi. Usione aibu. Kataa vizuri, tia sahihi, tarehe usisahau.

Jambo lingine, tunataka uje uwe shahidi wetu. Useme tu unachokijua, kwamba goti halitengenezwi popote hapa nchini isipokuwa kwetu. Wakili anasema neno la mbunifu mwenyewe litamaliza kila kitu.

Mshonaji anasema springi zikikawia zaidi atakuja mwenyewe kulichukua goti lake hivyo hivyo. Nimemwambia wewe ni mtu mwelewa.

Mama Pacha


9 Machi

Kwa Mkuu wa Karakana ya Viungo,

Ombi lako la tarehe 28 Februari nimelipokea. Nasikitika kwamba siwezi kukupa ruhusa uliyoomba.

Fundi, mwenye hataza

Shemeji, hiyo ya juu ndiyo ya wakili. Mkono ulikuwa mzito kuiandika, nimeharibu karatasi tatu.

Ushahidi sitaweza. Mgongo unanisumbua, kukaa kwenye basi safari nzima itakuwa kazi. Na tafadhali, mzuie Mshonaji asije. Mwezi huu nina wageni wa kiofisi hapa karakanani, sitakuwa na nafasi ya kumhudumia. Mwambie bado kidogo.

Mikate ilikuwa mizuri. Sikustahili.

Fundi


21 Machi

Shemeji!

Kumbe! Na wewe umenyamaza!

Leo wakili kaniletea muhtasari wa ripoti. Kampuni imejibu ombi letu Barazani kwamba goti linatengenezwa, na mkaguzi wa Baraza ameenda kwenye karakana yao huko kwenu, ameyaona kwa macho yake yakiwa yamepangwa kwenye benchi. Mapya, ya kijani, na kayakunja kwa mkono akaridhika. Wakili kakasirika kweli, kavua viatu kabisa. Anasema hapo tumekwisha, kama kitu kinatengenezwa hakuna cha kulazimisha.

Mimi nitakwambia ukweli, nimefurahi. Nilikaa nikacheka peke yangu. Hao wageni wa kiofisi si ndio hao mafundi wao? Nikasema, shemeji kawasukuma hao watu kimyakimya mpaka wameanza kazi, na hakutaka kujisifu. Nilitaka nini mimi? Si watu watembee? Kama Kampuni inatengeneza na itauza kwa bei ya mtu wa kawaida, mimi karakana yangu naweza kutengeneza mikono. Sina ugomvi na mtu.

Kwa hiyo nimemwambia wakili tuondoe ombi. Hataki, lakini mwenye ombi ni mimi. Tarehe moja Aprili nakwenda kutia sahihi.

Niambie tu watu wangu waje lini kununua na wamwone nani.

Mshonaji nimeshindwa kumzuia. Kaondoka leo asubuhi, mguu wake kauweka kwenye mfuko wa unga, vipande viwili. Mpokee.

Mama Pacha


25 Machi

Mama Pacha,

Usitie sahihi. Soma mstari huo mara ya pili kabla hujaendelea. Usiondoe ombi.

Barua hii siitumi kwa dereva bila maelezo kama nyingine. Nimemwambia akuwekee mkononi mwako, na nyuma ya kiti chake kuna boksi, ndani mna magoti nane. La tisa limeshaondoka na mwenyewe kwa miguu yake. Simu yangu haikuingia kwenye grisi. Iko hapa mezani, nzima. Sikupigii kwa sababu nikisikia sauti yako nitadanganya tena, najijua.

Hakuna mafundi wa Kampuni. Hakuna magoti mapya. Yale tisa aliyoyaona mkaguzi ni yale yenu. Springi zake hazikuchoka, na bandarini hakuna kilichokwama. Niliyaomba kwa sababu nilihitaji kitu cha kuweka kwenye benchi.

Na zuio niliomba mimi. Kampuni peke yao mahakama isingewasikiliza, mwenye hataza ni mimi, bila sahihi yangu walikuwa hawana kitu. Wewe ukasema ni utaratibu wa majina. Mdogo wangu alikunja uso, na alikuwa sahihi.

Nitakueleza ilivyoanza, siyo kwamba nitapona kwa kueleza. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa kwa kinyozi, povu limenijaa mashavuni, redio inasema. Mtangazaji anahojiana na watu wanaotembea. Kila mmoja anasema "goti la Mama Pacha". Goti la Mama Pacha limenirudisha kazini, goti la Mama Pacha limenipeleka harusini. Kinyozi akasimamisha wembe akasema, "Huyo mama ana akili huyo." Nikataka kusema ni langu. Lakini mtu mwenye povu usoni akisema yeye ndiye aliyebuni goti, nani atamwamini? Nilipofika nyumbani nilikuwa nimevimba. Nikajiambia, miaka yote ile ya kukata vyuma usiku na mchana, hata jina hakuna. Sikujiuliza hao watu wangelijulia wapi jina langu, wakati mtu aliyepiga magoti mbele yao akawafunga bolti ni wewe.

Siku chache baadaye watu wa Kampuni wakaja. Sijui kama nao walisikia redio. Walikuwa na maneno matamu, na picha ya kile kiti. Wakasema tukusimamishe mapema kabla hujazoeleka. Mwanasheria wao akaonya kwamba unaweza kukimbilia leseni ya lazima, na dawa yake ni kuonyesha kwamba goti linatengenezwa. Nikasema hilo niachieni. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu. Nikakuandikia habari ya springi.

Yalipofika niliyapiga msasa moja moja. Kila goti lina alama za mwenyewe, mikwaruzo ya ngazi, ya baiskeli, moja lina gundi ya viatu. Nikafuta yote, nikapaka rangi ya kijani. Nikaenda mbele ya mtu wa mahakama nikaapa, mkono juu, kwamba hataza yangu inafanyiwa kazi katika karakana yangu. Mkaguzi alipokuja akachukua moja, akalikunja, likajifunga vizuri, akasema, "Kazi safi, fundi." Nikasema ahsante. Nilisema ahsante kwa kazi ya mikono yako, shemeji, wakati wewe umekaa juu ya ndoo.

Na hata hapo nilikuwa sijapanga kukuambia. Usidhani barua yako ya pole ndiyo iliyonigeuza. Niliisoma nikala mikate.

Aliyenigeuza ni Mshonaji. Alifika juzi mchana, magongo kwapani, mfuko mgongoni. Mimi nimekaa kwenye kiti kile. Akapiga hodi, akasema, "Fundi, samahani kukusumbua, najua springi bado." Nikamkaribisha maji. Akanywa, akatazama benchi. Akatazama tena. Akasogea, akachukua la tatu kutoka mwisho, akaligeuza.

"Hili langu," akasema.

"Umejuaje?"

"Fundi, hili nimelala nalo miaka miwili. Unadhani silijui?" Akalisugua kwa kidole. "Mmelipaka rangi!"

Nikasema ndiyo.

"Nzuri. Ila sasa nieleze, hiyo miezi yote ilikuwa rangi inakauka?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anatania, maana haikumpitia akilini kwamba kuna kibaya. Akakaa chini, akatoa vipande vyake kwenye mfuko, akaomba spana. Nilitaka kumfungia, akasema acha, Mama Pacha kanifundisha. Akafunga bolti nne mwenyewe, akasimama, akazunguka karakana. Akakanyaga, akakanyaga, goti linajifunga, tak. Kila "tak" ilikuwa kama kofi kwangu. Halafu akanitazama juu mpaka chini akasema, "Umenenepa, fundi. Ukija kwetu nitakupima suruali." Akacheka, akaniachia magongo yake. Akasema, "Mpe mwingine, mimi sina shida nayo." Akaenda zake kituoni.

Nilikaa chini sakafuni, siyo kwenye kiti. Hapo ndipo barua yako ya tarehe 21 ikaletwa.

Sasa fikiria kidogo kwa nini nakwambia usiondoe ombi, badala ya kukupa ruhusa tu. Hataza ni yangu lakini ruhusa niliiuza. Nikikupa kwa hiari, nimevunja mkataba, Kampuni watakwenda kuichana karatasi yako siku hiyo hiyo, utakuwa umefunguliwa leo na kufungwa kesho. Lakini Baraza likilazimisha, limetulazimisha wote, mimi na wao, hakuna wa kuchana. Njia pekee ya mimi kukupa kitu hiki ni kunyang'anywa. Kwa hiyo ninyang'anye.

Jana nilikwenda kwa wakili wangu mwenyewe, siyo wa Kampuni, nikaandika kiapo kingine cha kufuta kile. Akaniuliza, "Unajua unaweza kuwekwa ndani?" Nikamwambia andika. Akaniuliza tena kama nimelala vizuri. Nikamwambia sijawahi kulala vizuri kama nitakavyolala leo, na kweli nililala.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Naomba tu usitie sahihi.

Fundi


3 Aprili

Fundi,

Boksi limefika. Sahihi sikutia.

Barua yako nilimsomea mume wangu. Tulipofika pale pa rangi aliondoka akaenda kukanda unga ambao haukuwa na kazi. Jioni ndipo akasema, "Angekuja tu akaniambia ameumia. Ningeipigia simu hiyo redio mimi mwenyewe."

Mimi nina hasira ambazo sijajua niziweke wapi. Siyo za zuio. Ni za magongo. Kuna mama mmoja, goti lake lilikuwa la tano humo kwenye boksi, alianguka bafuni mwezi wa pili akavunjika mkono. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia Fundi analitunza vizuri, liko mahali pakavu. Umenifanya nikudanganyie watu wangu.

Baraza limetupangia tarehe 17 Mei. Utakuja. Mgongo uume usiume, utakuja, na utasema kwa mdomo wako. Wenye magoti sijawaambia chochote, nimewarudishia tu. Wote tisa watakuwepo. Utawaambia mwenyewe, kabla hatujaingia ndani.

Mapacha wameuliza Baba Mkubwa anakuja lini. Nimesema tarehe 17 Mei.

Mama Pacha


20 Mei

Shemeji, kama bado naruhusiwa neno hilo,

Nimefika nyumbani salama. Pale Barazani hukusema nami, na mimi sikuthubutu kukufuata, kwa hiyo niliyotaka kusema nayaandika.

Wale tisa kwenye korido niliwaambia kama ulivyoagiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Yule mama wa mkono aliniuliza, "Ulikuwa unajua wewe hali ya bafu lenye sabuni na magongo?" Nikasema sikujua. Akasema, "Sasa unajua," akageukia pembeni. Mwingine wao, refa mstaafu, akatia mkono mfukoni, nikadhani ananitolea kadi nyekundu kweli, kumbe ni leso, akajifuta jasho, akairudisha mfukoni. Hiyo iliniuma kuliko kadi. Mshonaji peke yake ndiye aliyenisogelea. Akanong'ona, "Nilikusifia kijiji kizima, fundi. Sasa nirudi nikaseme nini?" Nikamwambia aseme yote. Akasema, "Nitasema. Na rangi yenyewe inabanduka."

Ndani ulisikia mwenyewe, lakini huenda hukuona uso wa mwenyekiti, maana ulikuwa unatazama dirishani. Aliponiuliza kama napinga ombi, nikasema sipingi. Akasema, basi kwa nini usimpe mwenyewe twende nyumbani? Nikasema siruhusiwi. Akavua miwani. "Yaani unakuja hapa kuomba tukulazimishe?" Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa, na ikiwezekana msikawie." Watu walicheka, hata yule mwanasheria wa Kampuni aliinamia faili. Na wewe niliona bega lako likitikisika. Sitasema ulicheka. Nasema bega.

Mambo mengine ni haya. Jana nilikuwa mbele ya hakimu kwa ajili ya kiapo cha uongo. Alinikaripia mpaka karani akaona haya kwa niaba yangu, akanitoza faini, akasema kilichoniokoa na kufungwa ni kwamba nilikuja kwa miguu yangu kabla sijafuatwa. Zuio kaliondoa pale pale. Nimesikia Mkuu wenu bado anakataa kufungua mpaka aone leseni kwa macho. Mwambie namwelewa.

Kampuni wamenivua cheo, wakatuma watu wawili kuja kuchukua kiti. Mkataba wa haki wao wanaushikilia, hilo halijabadilika, yote sasa yako kwa Baraza. Walikipakia kiti wakiwa wananionea huruma. Mimi nilikuwa nawafungulia mlango. Nafanya kazi nimesimama siku hizi, natengeneza bawaba za mageti na vitanda vya watoto, na naimba, jirani kalalamika.

Halafu kitu kimoja. Kwenye benchi la mapokezi, kabla hatujaitwa, nilikuwa nimesimama ukutani. Uliuchukua mkoba wako uliokuwa umeuweka pembeni yako ukaupakata. Hukunitazama. Nilikaa. Sijakaa mahali pazuri kama pale tangu mwaka jana.

Naomba umwambie mdogo wangu kwamba niliumia. Alitaka nimwambie, basi nimemwambia.

Fundi


1 Julai

Shemeji,

Neno hilo unaruhusiwa. Na mdogo wako kasema umechelewa, lakini kasikia.

Leseni imetoka. Mkuu wa hospitali kaishika, kaigeuza, kaitazama kwenye mwanga wa dirisha kama noti. Halafu akatafuta ufunguo wa kufuli lake mfuko huu na ule, hakuuona, tukaenda kumwita mtu wa kukata kufuli. Nikamwambia, "Mzee, mahakama huijaribu, funguo je?" Kacheka mwenyewe.

Nakueleza masharti maana na wewe yanakuhusu. Naruhusiwa kutengeneza goti lako miaka yote iliyobaki ya hataza, kwa watu wa hapa nchini tu, siruhusiwi kuiuza wala kuirithisha ruhusa hii kwa mwingine. Kampuni nao wakitaka kutengeneza, mlango wao uko wazi, hakuna aliyewafukuza. Na kwa kila goti wewe mwenye hataza unalipwa fungu lako. Najua utaandika kwamba hutaki, umetubu, sijui nini. Nyamaza. Wakili anasema leseni ni ya lazima na malipo nayo ni ya lazima, nisipokulipa wananifutia. Mume wangu kaangusha trei kwa kicheko. Anasema hajawahi kuona mtu analazimishwa kutoa halafu analazimishwa kupokea.

Sitakudanganya, hasira hazijaisha zote. Zimebaki kidogo, zinakuja nikimwona yule mama anasuka nywele za binti yake kwa mkono mmoja. Lakini mkono wake unapona, na aliniambia mwenyewe kwamba pale koridoni ulimtazama usoni, watu wengi huwa wanatazama mguu. Kwa hiyo nimekusamehe kama robo tatu. Robo iliyobaki utaifanyia kazi.

Maana kuna sharti la mwisho. Mwenye hataza ana haki ya kuja kukagua kama goti lake linatengenezwa vizuri. Wakili alilisoma haraka akapita, mimi nikamrudisha. Nimeuliza kama kukagua kunaweza kuwa kwa kushika tupa na spana, akasema sheria haijakataza.

Foleni ni ndefu, tumeshafagia, viti tumevitoa vumbi. Kitanda chako kiko chumba cha mapacha, watakupiga mateke usiku, vumilia. Tunafungua Jumatatu saa mbili asubuhi. Ukichelewa tutaanza bila wewe. Ruhusa tunayo.

Mama Pacha